Ukuta Usio na Mshono

Haya wanangu, sogeeni. Leo tunajenga kijiji cha Diani ndani ya gemu, na tumeanza na ukuta wa mawe ya matumbawe. Tunataka ukuta wa mita 30, lakini picha tuliyo nayo ni ya mita moja tu. Tufanyeje?

Mvivu ataibandika picha ile ile mara 30. Loo! Jiwe lililokatika nusu upande wa kulia linakutana na chokaa ya upande wa kushoto, na kila baada ya mita moja mstari wima unachomoza. Na lile doa jeusi la ukungu, lililokuwa moja, sasa ni madoa 30 yaliyopanga foleni. Jicho halidanganyiki hapo.

Mwaka 1999, Alexei Efros na Thomas Leung wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliifundisha kompyuta kuuotesha ukuta nukta kwa nukta. Kabla ya kuweka nukta mpya, inawatazama majirani zake, inatafuta kwenye picha mahali penye majirani kama hao, kisha inanakili nukta ya hapo. Ulipendeza, ila kazi ilichukua muda mno.

Mwaka 2001 Efros, safari hii na William Freeman, akaja na ujanja ninaoupenda mimi. Badala ya nukta, chukua vipande vya mraba. Kila kimoja kilalie kidogo ukingo wa mwenzake. Pale vinapopandana, kompyuta inatafuta njia ya kukatia ambako rangi za vyote viwili zinakaribiana zaidi. Mkato wenyewe haunyooki: unalizunguka jiwe, unateremka na chokaa, unapotelea kivulini. Fundi cherehani anayeunga leso mbili bila kuvunja maua angeuelewa papo hapo.

Na mkitaka kuirudia picha mpya ukutani, ukingo wake wa kulia nao sharti upatane na wa kushoto, na wa juu na wa chini. Ichapeni picha, iviringisheni iwe bomba. Msipoona ilipoungwa, mmefaulu.

Mkipiga picha ukuta unaotazama bahari, ngojeni alasiri. Jua la saa nne asubuhi linatokea huko huko baharini, na kila jiwe linatupa kivuli. Alasiri ukuta wote uko kivulini, mwanga ni sawa kila pembe.

Mlango je? Hapo kompyuta msiitegemee. Haijui mlango ni nini. Itawatawanyia mbao na bawaba ukuta mzima. Mlango uchoreni wenyewe.