Dhabihu na msamaha: fundisho la msalaba na mashahidi wa Kongo

Katika imani ya Kikristo, dhabihu na msamaha hukutana msalabani. Yesu alitoa uhai wake, na kwa masimulizi ya mwinjili Luka, saa hiyohiyo aliwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Mjini Goma, fundisho hilo linahubiriwa kila Ijumaa Kuu katika parokia za Kikatoliki na katika jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA na CEPAC. Wengi wanaolisikia wamezika ndugu waliouawa, wamenyang'anywa mashamba, au wamekimbia vijiji vyao huko Masisi na Rutshuru. Kwao maana ya maneno haya mawili ni jambo zito, na ikielezwa vibaya huongeza jeraha.

Mizizi ya dhabihu iko katika Agano la Kale. Kitabu cha Walawi, sura ya 16, kinaeleza Siku ya Upatanisho. Mbuzi wawili waliletwa kwa kuhani mkuu. Mmoja alichinjwa na damu yake ikanyunyizwa patakatifu. Wa pili aliwekewa mikono kichwani, dhambi za taifa zikaungamwa juu yake, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Ibada hiyo ilirudiwa kila mwaka. Lakini manabii hawakuacha watu waamini kwamba damu ya mnyama inatosha. Hosea, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba Mungu hupendezwa na rehema kuliko sadaka za kuteketezwa, na katika Injili ya Mathayo Yesu analirudia fundisho hilo mara mbili.

Waraka kwa Waebrania ndio unaofafanua zaidi tofauti iliyoletwa na Kristo. Kuhani wa zamani alitoa kiumbe kingine, tena mwaka hadi mwaka. Kristo alijitoa mwenyewe, mara moja tu, wala dhabihu yake hairudiwi. Hapo ndipo penye kiini cha fundisho lote: tangu msalabani, dhabihu inayokubalika ni ya mtu kujitoa mwenyewe kwa upendo. Kumtoa mwenzako kwa faida yako, hata kama ni kwa jina la kabila, chama au dini, ni kurudi kwenye kile ambacho msalaba ulikikomesha. Ndiyo maana mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, anawaita waumini watoe miili yao iwe dhabihu hai. Anazungumzia namna ya kuishi, wala hawaagizi watafute kifo.

Wanateolojia wamebishana kwa karne nyingi jinsi kifo hicho kinavyookoa. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alikieleza kama malipo ya deni la heshima ambayo mwanadamu alimnyima Mungu. Abelard, aliyemfuata karne ya 12, alisisitiza upendo unaoonyeshwa msalabani na kubadili moyo wa anayeutazama. Wanamatengenezo wa Kanisa wa karne ya 16, hasa Calvin, walisema zaidi juu ya adhabu ambayo Kristo aliibeba badala ya wenye dhambi. Maelezo haya yote yana nguvu yake. Hatari huja pale mhubiri anapomchora Baba kama mtawala mwenye hasira asiyetulizwa mpaka aone damu. Paulo mwenyewe anaizuia picha hiyo: katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anayeanzisha upatanisho ni Mungu. Wakatoliki na Waprotestanti wanatofautiana pia kuhusu Misa na Meza ya Bwana, lakini wote wanakiri kwamba dhabihu ya Kristo ni moja.

Goma ina mtoto wake ambaye maisha yake yanalifafanua jambo hili kuliko vitabu vingi. Floribert Bwana Chui alizaliwa mjini humo mwaka 1981, akasoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio. Katika Shule ya Amani ya jumuiya hiyo alikaa na maibobo, watoto wanaolala mitaani, akawasaidia wasome. Kisha akaajiriwa na OCC, taasisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, na kupangiwa kazi mpakani, pale Goma inapopakana na Gisenyi nchini Rwanda. Kazi yake ilikuwa kuamua kipi kivuke na kipi kiteketezwe.

Shehena ya mchele ulioharibika ilifika mikononi mwake. Wenye mali walitaka upite, wakampa rushwa, na alipokataa wakaongeza pesa. Vitisho vikafuata. Kwa mtu wa mpakani, hesabu ilikuwa rahisi: sahihi moja, na mfuko unajaa. Lakini mchele ule ungefika sokoni, na kutoka sokoni ungeingia kwenye sufuria za familia ambazo hakuzijua hata kwa jina. Alichoombwa hasa ni kuwatoa wengine dhabihu kwa ajili ya pesa. Alikataa, na mchele ukaharibiwa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26.

Mwezi Novemba 2024, Papa Fransisko aliidhinisha atambuliwe kuwa shahidi aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Alitangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025 huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, wakati Goma yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo. Uamuzi huo una uzito wa kiteolojia. Floribert hakuambiwa aikane Injili kwa mdomo. Kanisa limekubali kwamba kukataa kuwalisha watu sumu, kwa sababu ya imani, ni kumshuhudia Kristo hadi kufa. Alijitoa mwenyewe ili wengine wasitolewe.

Msamaha nao una mpaka unaofanana na huo: anayeutoa ni aliyekosewa, na hakuna anayeweza kuutoa kwa niaba yake. Yesu alimfundisha Petro asamehe bila kuhesabu, na katika Sala ya Bwana anayeomba kusamehewa anaahidi kusamehe. Kusamehe ni kuacha kisasi na kumwachia Mungu hukumu ya mwisho. Hakumaanishi kuliita kosa jina jingine, wala kumwamini tena mkosaji ambaye bado hajastahili kuaminiwa. Katika sakramenti ya Kitubio, anayeungama anapaswa kujuta, kusema dhambi yake na kutimiza malipizi, na aliyeiba hurudisha alichoiba. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne.

Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 wakati wa uasi wa Simba, alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, Agosti 1985, naye alitamka msamaha kwa muuaji, akiufuata ule ambao Anuarite alikuwa ameshautoa.

Tarehe 1 Februari 2023, pia mjini Kinshasa, Papa Fransisko alikutana na wahanga wa vita vya mashariki mwa Kongo. Kijana kutoka Eringeti, eneo la Beni, aliweka chini ya msalaba panga kama lile lililomwua baba yake. Wengine walisimulia utumwa wa kingono waliofanyiwa porini. Walitangaza kusamehe, lakini kwanza walisema kilichotendeka, mbele ya watu, na vifaa vya ukatili vikiwa vimewekwa wazi. Mpangilio huo ndio wa Injili.

Msamaha wa serikali ni jambo jingine kabisa. Hata sheria ya Kongo ya Februari 2014, iliyowaondolea mashtaka walioshiriki uasi, iliwaacha nje wenye hatia ya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkristo aliyesamehe anaweza kwenda mahakamani kutoa ushahidi bila kuuvunja msamaha wake, kwa sababu hukumu ya haki humlinda jirani anayeweza kuumizwa kesho.

Basi wachungaji na mapadre wa Kivu, wanapowahimiza waumini wasamehe, wasianze na mama aliyeachwa na makaburi. Waanze na aliyechukua shamba, ng'ombe au uhai wa mtu, wamwambie aungame na arudishe kinachoweza kurudishwa. Mama apewe muda wake.