Miguu inagoma? Usikimbilie kusema umerogwa

Unapanda daladala, mguu hauinuki. Vidole vina ganzi. Wiki ya kwanza unasema "uchovu tu". Mwezi wa pili mtaa mzima umeshaamua: karogwa huyo!

Tulia, msomaji. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao madaktari huuita CIDP. Mishipa hiyo ni kama waya za umeme, ina ganda lake la nje. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inaligeukia ganda hilo na kulichubua. Amri ya ubongo inachelewa njiani, misuli inalegea.

Kwa kawaida udhaifu hushika miguu na mikono, kulia na kushoto, ukizidi kwa zaidi ya wiki 8. Daktari akigonga goti kwa kinyundo, mara nyingi mguu haushtuki. Kipimo cha umeme wa mishipa ndicho kinachofichua mengi.

Hauambukizi, na dawa zipo: steroidi, dripu ya kingamwili au kubadilishiwa plazma ya damu. Ila ukizubaa, waya wenyewe unaharibika, na hapo kupona kabisa ni kazi. Ganzi iking'ang'ania, wahi hospitali. Ukipewa steroidi, usiache ghafla eti umeshajisikia fiti!