Tanzia za Wayunani na Faida Yake kwa Mwanafunzi wa Kwetu

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo wazazi wengi huliuliza, na wasioliuliza kwa kinywa huliuliza kwa macho. Mzazi wa Genkuru, katika nchi ya Wakuria wilayani Tarime, auzapo ng'ombe ili kijana wake aende chuo kikuu, hutumaini kwamba atajifunza utabibu, au sheria, au kilimo. Kisha kijana hurudi likizo amechukua kitabu cha michezo ya Wayunani, watu waliokufa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mzazi hana budi kuuliza: Je, ng'ombe wangu ndiko walikokwenda? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Neno tanzia, kama wengi wetu tulisikiavyo katika matangazo ya redio, maana yake ni habari ya kifo. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wamelitwaa neno hilo, nao huutaja kwalo mchezo uonyeshao jinsi mtu mwenye cheo na sifa anavyofikiwa na msiba mkuu. Michezo ya namna hiyo ilistawi katika mji wa Athene, katika karne ya tano kabla ya Kristo. Kila mwaka, yapata mwezi wa Machi, watu walikusanyika kwenye mteremko wa kilima cha Akropoli, wakakaa kutwa wakitazama. Watungaji 3 walishindana, kila mmoja akileta tanzia 3 na mchezo 1 wa mzaha, na waamuzi waliopatikana kwa kura ndio waliotoa tuzo. Waigizaji wenye kusema hawakuzidi 3, wote wanaume, nao walivaa nyuso za bandia. Hata mtu mmoja aliweza kuwa mfalme, kisha mjumbe, kisha mwanamke. Pamoja nao palikuwa na kundi la waitikiaji 12, na baadaye 15, walioimba na kucheza huku zumari ikipigwa.

Katika mambo hayo kijana wa Genkuru si mgeni sana. Asomapo habari za kinubi cha Wayunani hukumbuka litungu, ala ya Wakuria yenye nyuzi 8, ambayo ni ya jamaa moja na kinubi hicho. Asomapo habari za waitikiaji hukumbuka ngoma ambamo mmoja huanzisha na wengi hupokea. Lakini asidhani ya kuwa mambo yote ni sawa. Waitikiaji wa tanzia huwa ni wazee wa mji, au wanawake, au mateka, watazamao mashauri ya wakubwa bila uwezo wa kuyazuia. Kazi yao ni kuuliza kwa niaba ya watu wa kawaida: sasa sisi itakuwaje?

Michezo mingi imepotea. Sophocles peke yake alitunga zaidi ya 120, na iliyobaki kamili ni 7. Ukizihesabu za watungaji wote, tanzia zilizotufikia kamili ni 32 tu. Moja katika hizo tunayo kwa lugha yetu. Mwaka 1971 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Sophocles iitwayo Mfalme Edipode. Mfasiri wake ni Mtanzania, Samuel S. Mushi, ambaye baadaye alikuwa profesa wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Liangalieni jambo hilo: aliyetuletea mchezo huu hakuwa mtu wa fasihi peke yake, bali mtu aliyeshughulika na namna watu wanavyotawaliwa.

Habari yenyewe ni hii. Tauni imeingia katika mji wa Thebes, na watu wanakuja kwa mfalme wao, Oedipus, kuomba msaada. Ufunuo unasema ya kuwa mji una unajisi, kwa kuwa aliyemwua mfalme wa kwanza, Laius, hajaadhibiwa. Oedipus anatoa laana kali juu ya mwuaji, yeyote awaye, kisha anaanza kuchunguza. Anaitwa mwaguzi kipofu; anakuja mjumbe kutoka Corinth; mwisho analetwa mchungaji mzee. Kila shahidi anaongeza neno moja, na kila neno linamsogeza mfalme karibu na jambo asilolitaka. Mwuaji ni yeye mwenyewe. Na aliyemwua alikuwa baba yake, na mjane aliyemwoa ni mama yake, naye hakujua hata moja katika hayo.

Mtu wa Tarime aliyehudhuria iritongo, yaani mkutano wa jamii unaochunguza wizi wa mifugo na maovu mengine, ataufahamu mchezo huu upesi kuliko msomaji aliyekulia mjini. Maana ndani yake hapana vita wala mbio. Pana baraza, pana maswali, pana shahidi asiyetaka kusema. Tena ataujua uzito wa laana. Mtu akilaani asichokijua, laana haipotei njia, humtafuta mwenyewe.

Hapo mwalimu wa chuo kikuu huuliza: Kosa la Oedipus ni lipi? Mwanafalsafa Aristotle, aliyeandika juu ya tanzia karne moja baadaye, alisema ya kuwa mtu wa tanzia si mwovu kabisa wala si mwema kupita wote, bali huanguka kwa sababu ya hamartia. Wengi wamebishana juu ya neno hilo. Waliolifanya kuwa dhambi wamemwonea Oedipus, kwa maana hakukusudia uovu. Lakini Kiswahili kina neno linalofaa sana. Twasema mtu amekosa, yaani ametenda kosa; tena twasema mwindaji amekosa shabaha. Neno la Kiyunani lina maana zote mbili vivyo hivyo. Oedipus alilenga kumkimbia msiba, mshale wake ukaangukia palepale alipopakimbia. Mwanafunzi anayekijua Kiswahili vema ana ufunguo huo mkononi mwake.

Sasa natumai mmeanza kuona kwamba tanzia si hadithi ya kutia huzuni tu. Ni shule ya kuamua mashauri magumu, hasa yale ambayo kila upande una haki yake. Mathalani, katika mchezo mwingine wa Sophocles, uitwao Antigone, ndugu wawili wameuana vitani. Mfalme Creon anaamuru kwamba yule aliyeleta jeshi juu ya mji wake mwenyewe asizikwe. Dada yake, Antigone, anamfunika kwa udongo, kwa kuwa sheria ya kuwazika jamaa ni ya kale kuliko amri ya mfalme. Mfalme anatetea mji. Binti anatetea ukoo. Kwa kuwa hakuna anayekubali kusikia neno la mwenziwe, mwisho Antigone amekufa, na mwana wa mfalme, na mke wa mfalme pia.

Nani wa Afrika ya Mashariki atasema kwamba hayo ni ya Wayunani peke yao? Wakili S. M. Otieno alipofariki mjini Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, katika nchi ya wazee wake. Mwili ulikaa miezi mitano bila kuzikwa, hata Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Mashauri hayo mawili si sawa kwa kila jambo: Otieno hakuwa adui wa mtu, wala hakuna mfalme aliyekataza asizikwe. Lakini swali la mwisho ni lilelile: maiti ni ya nani, na sheria ipi ni kubwa? Mwanafunzi aliyekwisha kuipima hoja ya Creon na hoja ya Antigone hatalijibu swali hilo kwa haraka.

Nimeuacha mwishoni mfano unaotugusa sana. Mwaka 458 kabla ya Kristo Aeschylus alionyesha tanzia 3 zilizofuatana juu ya nyumba moja. Mfalme Agamemnon alimchinja binti yake awe sadaka, ili merikebu zake zipate upepo wa kwenda vitani. Aliporudi, mkewe akamwua kwa kulipiza damu ya binti. Kisha mwana wao, Orestes, akamwua mama yake kwa kulipiza damu ya baba. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilizaa maiti mwingine. Ndipo miungu wa kike wa kisasi wakamwandama Orestes mpaka Athene. Hapo ikawekwa mahakama ya raia juu ya kilima cha Areopago, kilekile kitajwacho katika Matendo ya Mitume. Kura zikalingana, na Orestes akaachiliwa.

Lakini mchezo haukomi hapo, na hili ndilo nililotaka mlisikie. Miungu wa kisasi wanakasirika, wanatisha kuiharibu nchi. Mungu wa kike wa mji hawafukuzi. Anazungumza nao kwa subira, mara moja, mara ya pili, hata wanakubali kupewa makao ya heshima chini ya ardhi ya mji na kuwa walinzi wake. Yaani Aeschylus alifahamu ya kuwa hukumu peke yake haimalizi ugomvi. Aliyeshindwa asipopewa heshima na mahali pa kukaa, atarudi usiku.

Wasikilizaji wa Tarime na Serengeti, sina haja ya kuwaeleza maana yake. Tumekwisha kuona koo zikipigana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka, mshale ukijibiwa kwa mshale, na Serikali ikaweka Kanda Maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Polisi na mahakama ni lazima. Lakini wazee wa inchama, ambao neno lao lina uzito katika ukoo, wanajua vema ya kuwa amani ni pale pande zote mbili ziwezapo kuondoka barazani bila kuinamisha kichwa. Mambo ambayo wazee wanayajua kwa desturi, mtungaji wa Athene aliyaweka katika mchezo, watu wa mji wake wakayatazama pamoja na kuyafikiri.

Wala elimu hiyo haikukaa bure mikononi mwa Waafrika. Mwaka 1968 Ola Rotimi wa Nigeria aliuonyesha msiba wa Oedipus kana kwamba umetukia katika nchi ya Wayoruba. Kwetu, Ebrahim Hussein alitunga Kinjeketile, uliochapishwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji. Shujaa wake anafungwa na neno alilolitoa mwenyewe, wala hawezi kulikana bila kuwavunja moyo watu wake. Usomeni mchezo huo baada ya Mfalme Edipode, nanyi mtaona kwa macho yenu jinsi misiba hiyo miwili inavyosemezana.

Basi, kwa kijana anayekwenda kulisoma somo hili, natoa shauri la mambo matatu. La kwanza, soma mchezo wenyewe kwa sauti kabla ya kusoma maneno ya wataalamu, maana ulitungwa usikiwe. La pili, chukua upande wa mtu usiyempenda, ukamtetee kwa haki kama wakili wake, ukishindwa, hujausoma. La tatu, unaporudi nyumbani, usimsimulie mzee wako majina magumu. Msimulie shauri lenyewe, umwulize yeye angeamuaje, kisha unyamaze usikilize.

Na kwa mzazi nasema hivi: ng'ombe wako hawakupotea. Daktari hutibu jeraha la mshale. Lakini lazima wawepo pia watu waliojifunza kuketi kati ya pande mbili zenye haki, na kuuzuia mshale wa pili usirushwe.