Kununua Nyumba Kwa Picha Za Simu: Yaliyobadilika Na Yasiyobadilika

 

Tangazo linaingia kwenye kundi la WhatsApp: nyumba inauzwa Bagamoyo, vyumba vitatu, umeme na maji yapo, bei maelewano. Kwa mtu wa Unguja, Bagamoyo ni mji wa ng'ambo, ukishavuka bahari tu. Lakini iko Bagamoyo nyingine, kata ya mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Wilaya hiyo hiyo ina kata iitwayo Msasani pia. Asiyeuliza atafurahia unafuu wa bei, kumbe nyumba iko baina ya migomba na mashamba ya chai, kwenye barabara iendayo Kyela na mpaka wa Malawi.

Si kwamba Tukuyu ni pahala pabaya. Wapo ndugu zetu wa visiwani wanaofanya biashara bara na kuishi huko kwa kheri. Tunachotaka kueleza ni simu ilivyoigeuza kazi ya kuuza nyumba, na Shari'ah inasemaje juu ya nyumba inayonunuliwa kwa picha.

KAZI YA DALALI, JANA NA LEO

Zamani dalali alikuwa mtu wa mtaa. Alijulikana kwa wazee, aliijua nyumba, mwenyewe na warithi wake, na mnunuzi alitembezwa kwa miguu. Leo dalali anaweza kuwa mtu usiyepata kumuona. Anapokea picha kutoka kwa dalali mwenziwe, anazisambaza Facebook, Instagram na WhatsApp, anakutumia alama ya pahala kwenye ramani, na fedha zinapita kwa simu.

Haya yana manufaa. Aliyoko Pemba anaweza kulinganisha bei za mitaa kumi bila kupanda boti, na ramani ya simu ingelimwonesha mara moja kuwa Bagamoyo hii si ile. Lakini picha moja hupita mikono mingi, na kila mkono unaweza kuongeza bei. Matapeli nao wamepata njia ya kuuza nyumba za watu. Si bure kwamba kuta nyingi za miji yetu zimeandikwa kwa rangi, "Nyumba hii haiuzwi."

JE, MKATABA WA SIMU UNASIHI?

Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ililitazama jambo hili katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah, Machi 1990. Iliamua kuwa mkataba kwa njia za mawasiliano ya kisasa unasihi, na wanaozungumza kwa simu kwa wakati mmoja huhesabiwa kama waliokaa pamoja. Iliitoa nikaah kwa sharti la mashahidi, kubadilishana fedha kwa sharti la kupokezana papo hapo, na salam kwa sharti la kutanguliza thamani. Kuuza nyumba hakumo katika zilizotolewa.

Kwa hivyo simu yenyewe haiharibu mauzo. Tatizo liko kwenye kitu kinachouzwa: je, mnunuzi anakijua?

KUNUNUA USICHOKIONA

Imethibiti katika Swahiyh Muslim kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza mauzo ya gharar, yaani yenye mambo yasiyojulikana mwisho wake. Kwa msingi huo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shaafi'iy, yanayofuatwa na watu wengi wa visiwani, ni kuwa kukiuza kitu ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi. Hanafiy wamesema kunasihi, ila mnunuzi ana khiyari ya kurudisha atakapokiona.

Imaam an-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaaj kuwa kila kitu huonwa kwa namna inayokifaa. Kwa nyumba, wanachuoni wametaja vyumba, dari, mapaa, na kuta za ndani na nje. Tazameni tangazo lolote mulinganishe: sebule na mbele ya nyumba zipo, dari na paa mara nyingi hazipo. Na Tukuyu ni miongoni mwa pahala penye mvua nyingi sana Tanzania. Paa linalovuja halitajulikana katika picha ya kiangazi.

Vitabu vya madhehebu vimesema hata kukitazama kitu nyuma ya kioo hakutoshi, kwani ujuzi kamili haupatikani. Basi kioo cha simu kina haki zaidi ya kutiliwa shaka, kwa kuwa kinaonesha kile tu anachotaka mwenye kupiga picha.

WAJIBU WA MUUZAJI NA DALALI

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akasema kimenyeshewa. Akamuuliza kwa nini asiuweke ule umajimaji juu watu wakauona, akabainisha kuwa anayeghushi si katika sisi. Anayeficha ukuta wenye unyevu nyuma ya kabati kabla ya kupiga picha amefanya yale yale.

Ujira wa dalali ni halali ukijulikana na kukubaliwa. Kisicho halali ni kuzusha wanunuzi wasiokuwepo ili bei ipande. Hiyo ni najsh, nayo imekatazwa.

NINI KIFANYIKE

1. Nenda uione kabla ya kufunga mkataba. Ukishindwa, muwakilishe mtu mwaminifu aliye karibu, aione na afunge mkataba kwa niaba yako. Msikiti wa mji huo ni pahala pazuri pa kuanzia kuuliza.

2. Usitume fedha ya "kushikia nyumba" kwa usiyemjua, hata akikuharakisha vipi.

3. Ardhi si jambo la Muungano. Ya Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo ya mwaka 1992, na ya bara ina Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa nyumba ya Tukuyu, hati ihakikiwe kwa msajili wa bara.

4. Uliza kama muuzaji ana mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika bara, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ya ridhaa ya mwenzake.

5. Nyumba ya mirathi: pata ridhaa ya kila mrithi, na haki ya mayatima ilindwe. Mrithi mmoja mwenye simu hana ruhusa ya kuuza fungu la ndugu zake.

6. Andikeni na mushuhudishe, kama ilivyoelekezwa katika Suwrat Al-Baqarah aya ya 282. Wazee wetu nao walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Nyumba kwa familia nyingi ni jasho la miaka ishirini. Simu itumike kuitafuta, lakini macho ya mtu mwaminifu ndiyo yaamue kuinunua.

Na Allaah Anajua zaidi.