Quelle suite? Kifaransa cha kufuatilia malalamiko

Kiswahili kina neno moja, malalamiko, ukienda polisi, manispaa au kampuni ya umeme. Nchini Ufaransa yapo mawili, na kila moja lina mlango wake. Réclamation hupelekwa kwenye ofisi au kampuni iliyokukosea. Plainte ni ya jinai: hupelekwa polisi au kwa mwendesha mashtaka.

Kinachowaponza wengi ni karatasi iitwayo main courante. Aliyezoea kupewa namba ya RB, yaani ya taarifa ya polisi, kituoni Dar es Salaam husaini karatasi hiyo akiamini amefungua kesi, kumbe ameandikisha kumbukumbu ya tukio tu. Tamka wazi: «Je souhaite déposer plainte, pas une main courante.» Kifungu cha 15-3 cha sheria ya Ufaransa ya mwenendo wa jinai kinawabana polisi kupokea plainte ya mwathirika, hata kama tukio lilitokea mji mwingine. Usitoke bila récépissé, yaani stakabadhi, na uombe nakala ya maelezo yako.

Kimya kikizidi, andika. Barua nyingi ninazoletewa nizipitie huanza kwa salamu na habari za nyumbani, shida yenyewe ikaja ukurasa wa pili. Karani wa Kifaransa hutafuta kwanza mstari wa Objet: «Objet : plainte n° … du 12 mars». Chini yake, sentensi mbili zinatosha: «Sauf erreur de ma part, je n'ai reçu aucune réponse à ce jour. Je vous prie de bien vouloir m'indiquer la suite donnée à ma plainte.» Adabu yote imo katika sauf erreur de ma part, «isipokuwa kama nimekosea mimi». Unamdai jibu bila kumshutumu.

Itume kwa rejesta: lettre recommandée avec accusé de réception. Baada ya siku chache utarudishiwa karatasi ndogo yenye saini ya aliyepokea. Ibane pamoja na récépissé.

Suite ni kinachofuata. Ndiyo maana jibu linalovunja watu moyo huitwa classement sans suite: jalada limefungwa, hakuna mashtaka. Nimewaona watu wakiikunja barua hiyo kwa aibu, kana kwamba wameitwa waongo. Sivyo hata kidogo! Soma sababu, ambayo sheria inataka uelezwe. Auteur inconnu maana yake mkosaji hajulikani. Infraction insuffisamment caractérisée, kwamba ushahidi wa kosa hautoshi. Unaweza kukata rufaa kwa procureur général, mwendesha mashtaka wa ngazi ya juu.

Kwa réclamation dhidi ya ofisi ya serikali, kimya chenyewe ni jibu. Miezi 2 ikipita, kwa kawaida umekataliwa, na una miezi 2 mingine ya kwenda tribunal administratif, mahakama ya kesi dhidi ya serikali. Défenseur des droits, taasisi iliyoanza kazi mwaka 2011, husaidia bure, lakini kumwandikia hakusimamishi miezi hiyo kuhesabiwa.