Kuokoa Mafuta Kusikuunguzie Injini

Petroli inapopanda bei, dereva wa teksi au matatu hutafuta kila njia ya kubana matumizi. Wapo wanaong'oa feni ya mkanda na kufunga ya umeme. Wapo wanaoziba matundu ya mbele ili gari likate upepo vyema. Na gereji nyingi za hapa Pwani utaambiwa: "Huku kwetu ni joto, toa thamostati." Ushauri huu wa mwisho ndio unaotia hasara zaidi.

Thamostati ni kidude chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Joto likifika kiasi cha nyuzi 82 hadi 90, nta huyeyuka na njia ikafunguka. Ukiitoa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu unapowasha gari. Injini huchelewa kupata moto, na ukiwa barabara kuu huenda isiupate kabisa. Oili hubaki nzito, na kompyuta ya gari, ikidhani ndiyo kwanza umewasha, huendelea kuongeza petroli. Uliyetaka kuokoa ndiye unayemwaga.

Gari likichemka, kwanza kagua rejeta iliyoziba, pampu ya maji, kifuniko na mipira inayovuja. Thamostati ikiwa imekwama, weka mpya.

Feni ya umeme ni wazo zuri, kwani ya mkanda hula nguvu za injini hata pale upepo wa mwendo unapotosha. Lakini ifungwe sawasawa: ivute hewa kuelekea injini, iwe na kava linalofunika rejeta yote, na waya zake ziwe na fyuzi na rilei. Iwashwe na swichi ya joto, si kidude cha kubonyeza. Kwenye foleni ya feri Likoni, jua la saa nane, hakuna upepo wa mwendo. Ukisahau kubonyeza, umekwisha.

Kuziba matundu ya mbele waachie wenye baridi kali, kama Marekani wakati wa theluji, ambako injini huchelewa kupata moto. Hapa kwetu, rejeta ya kiyoyozi nayo iko mbele ya ile ya maji, na zote zinagombea hewa hiyo hiyo. Ukianza kupanda kuelekea Mazeras na abiria wamejaa, utaiona geji inavyopaa.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vyetu vina chumvi, na chumvi hula chuma na kuacha magaga ndani ya rejeta. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Kifuniko kiwe kizima, maana ndicho kinachoshika presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100.

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, fungua hita, kisha simama pembeni na uzime injini. Usifungue kifuniko kingali moto. Mvuke wake huunguza uso.

Hedi ikipinda au gasketi ikiungua, gari litalala gereji siku kadhaa bila kuingiza hata shilingi, na petroli uliyookoa miezi mizima haitalipa bili ya fundi. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.