Mkisafiri wote, paka mnamwachia nani?



Kila ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, wakazi wengi wa jiji la Dar es Salaam hufunga mizigo. Shule zimefungwa, vituo vya mabasi vimefurika, na jamaa kwa jamaa wanaelekea Kilimanjaro, Mbeya, Bukoba, Songea na kwingineko kula sikukuu pamoja na wazee. Wapo wanaokaa juma moja, na wapo wanaokaa hadi shule zikaribie kufunguliwa mwezi wa Januari. Kabla ya safari mambo mengi hutengenezwa. Mtungi wa gesi hufungwa, friji huzimwa, kuku huuzwa au huchinjwa, na mlango hutiwa kufuli mbili. Swali moja ndilo husahauliwa mpaka gari liwe mlangoni: na paka je?

Jibu la wengi ni jepesi: "Paka hana shida, atajitafutia."

Nami niliwahi kusema hivyo. Mwaka mmoja tulikwenda Moshi kwa majuma manne, baba, mama na watoto. Paka wetu, jike la rangi ya kijivu, tulimwachia barazani sufuria la ugali na dagaa pamoja na ndoo ya maji. Jirani yetu nilimpungia mkono nikiwa tayari nimekaa garini. "Mama, mtuangalizie nyumba," nikamwambia. "Haya, baba, safari njema," akaitika. Nilidhani katika neno nyumba paka naye yumo.

Tuliporudi hatukumkuta. Chakula kile kiliisha siku ya kwanza, kwa kunguru na paka wa mtaani. Paka wetu alilia mlangoni siku kadhaa, kisha akahamia kwenye jalala la nyuma ya maduka, ambako wenyewe walikuwa wametega sumu ya panya. Kijana wa dukani ndiye aliyemfukia. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, hakulia. Aliniuliza tu: "Baba, kwani hukumwambia jirani?" Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa kweli sikumwambia.

Wasikilizaji, tuangalie basi jambo hili linavyokwenda. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Hawakutuambia inakuwaje wenye nyumba wakiondoka na paka akabaki. Ni kweli paka ni mwindaji, lakini paka wa mjini aliyezoea kulishwa hawezi kutegemea mawindo mwezi mzima. Na mawindo yenyewe yana hatari. Aghalabu panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa siku mbili tatu, na panya aliyezubaa ndiye rahisi kukamatwa na paka mwenye njaa. Hivyo sumu ya panya humuua na paka. Isitoshe, paka akikaa siku mbili au tatu bila kula kabisa, hasa akiwa mnene, ini lake huweza kudhurika vibaya.

Je, tumchukue tusafiri naye? Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Paka aliyefungiwa kwenye boksi saa zote hizo, katika joto na makelele ya basi, huteseka sana. Akichoropoka njiani, ndio mwisho wa kumwona. Na akifika salama, ugenini huko anaweza kutoroka akitafuta kwao.

Tumpeleke kwa rafiki wa mtaa mwingine? Yawezekana, ila mwenyeji huyo sharti amfungie ndani majuma mawili au zaidi hadi azoee, maana paka hushikamana sana na mahali. Akifunguliwa mapema atajaribu kurudi kwake, na barabara za jiji letu hazina huruma. Wapo pia madaktari wa mifugo na watu wengine wanaopokea paka kwa malipo ya kila siku. Ukipata mahali kama hapo, nenda ukapaone kwa macho yako kabla ya siku ya safari, na uulize kama paka wote wanaopokelewa wamechanjwa.

Kwa wengi wetu njia iliyo bora ni paka kubaki kwake na mtu kuja kumhudumia, ama ndugu atakayelala katika nyumba hiyo, ama jirani, ama mlinzi. Jambo kubwa ni kwamba mtu huyo awe mmoja, ajulikane, na awe amekubali. Kazi ya watu wote ni kazi isiyo na mwenyewe. Usimwombe kupitia dirisha la gari. Nenda kwake juma moja kabla, piga hodi, kaa kitako, mweleze siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Mwite aje amlishe paka mara mbili tatu wakati nyinyi mngalipo, ili paka amzoee. Kisha mwachie namba ya simu, namba ya daktari wa mifugo, na fedha kidogo za dharura. Na kazi yenyewe ilipwe. Ujirani ni mwema, lakini mwezi mzima wa kuamka kumlisha mnyama wa mwenzio unastahili zaidi ya ahsante.

Gharama ya chakula si ya kutisha. Paka mmoja mkubwa akila gramu 50 za dagaa wakavu kwa siku, pamoja na ugali kidogo, siku 30 zitamaliza kilo moja na nusu. Dagaa waoshwe vizuri kuondoa mchanga na chumvi, kisha wachemshwe. Ugali mtupu haumfai. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama na samaki, na akizikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Mchuzi uliobaki wenye vitunguu asipewe, kwani vitunguu huharibu damu ya paka. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo kinywaji chake, na yabadilishwe kila siku.

Mwambie mlezi pia jambo hili, tena kwa msisitizo: paka akiugua, asimpe dawa ya binadamu. Kidonge kimoja tu cha paracetamol, ambacho sisi tunameza kwa kuumwa kichwa, huweza kumuua. Na kama paka hutumia beseni la mchanga ndani, lisafishwe kila siku, na mama mjamzito asipewe kazi hiyo. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Yapo mawili ya kufanya mapema, kabla hata ya kukata tiketi. La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina ni la mbwa, lakini paka naye huugua na huambukiza. Si haki kumkabidhi jirani mnyama asiyechanjwa. Akimng'ata au kumparura, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali. La pili ni kumfunga kizazi jike. Paka hubeba mimba kwa muda wa majuma tisa hivi, na huweza kuanza kuzaa akiwa hajatimiza mwaka. Ukimwacha huru mwezi mzima, yawezekana ukarudi ukamkuta anakungoja na mzigo.

Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama kumtunza ipasavyo. Waislamu nao wanayo mafundisho mashuhuri ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Lakini mimi, wasikilizaji, sikufundishwa na sheria. Nilifundishwa na swali la mtoto.

Siku hizi nyumbani kwetu yuko paka mwingine. Desemba iliyopita nilikwenda kwa jirani yule yule siku kumi kabla ya safari. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba, karibu." Nikaeleza, naye akakubali. Binti yangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa, ndiye aliyempimia dagaa na kumwonyesha bakuli. Tuliporudi paka alikuwa amelala kibarazani kwa jirani, amenenepa kuliko tulivyomwacha. Tukamshushia jirani mkungu wa ndizi kutoka Moshi, tukamlipa haki yake.